Mzazi haogi, dirisha halifunguliwi: nimsikilize nani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mkunga, nafanya kazi Manchester. Kuna mzazi ninayemtembelea nyumbani, Mchina wa Guangdong, mumewe Mwingereza. Amejifungua salama mtoto wa kwanza. Mamake amekuja kutoka China, na tangu hapo mzazi haoshi nywele, dirisha halifunguliwi, maji baridi hayaonekani, na chakula ni tangawizi asubuhi, mchana na jioni. Mavyaa yake alipokuja siku ya nne akasema msichana anafungiwa ndani kama mgonjwa, akaenda akafungua dirisha mwenyewe. Bibi wa Kichina akalia, akasema hawa watu wanataka kumuua mwanawe, na kwamba siku alipoalikwa kwao hakupewa hata chai. Mume anataka mimi ndiye niamue. Mzazi mwenyewe ameinamisha kichwa, hasemi. Nimsikilize nani, na ni lipi hasa linalowagombanisha watu ambao wote wanampenda?

JIBU: Marahaba, dada. Msikilize mzazi, lakini si pale sebuleni mbele ya watu wote, na nitakueleza kwa nini. Kabla ya hapo nataka uwaone hawa bibi wawili kila mmoja kwa alikotoka, kwa sababu ukiingia nyumba ile ukidhani mmoja ana ujinga na mwingine ana kiburi, hutamfaa mzazi wala mtoto. Nimesomea udaktari China na sasa nahudumia wazazi huku Uingereza. Ugomvi wa namna hii naukuta mara kwa mara, na karibu kila mara wenye kugombana ni watu wema.

Nianze na bibi wa Guangdong. Anachokifanya Wachina wanakiita zuo yuezi, kukaa mwezi. Mzazi hukaa ndani siku 30, wengine 40, akilishwa na kufunikwa, akiondolewa kila kazi isipokuwa kunyonyesha na kulala. Usidhani ni mambo ya kijijini au ya wasiosoma. Liji, kitabu cha adabu kilichokusanywa enzi ya Han, yapata miaka elfu mbili iliyopita, kinaagiza mke anayekaribia kujifungua ahamie chumba cha pembeni, na mumewe atume mtu mara mbili kwa siku kumjulia hali. Mwaka 1237 tabibu Chen Ziming alitunga kitabu kikubwa cha tiba ya wanawake, na utunzaji wa mzazi ukapewa nafasi yake humo. Leo hii Beijing na Shanghai kuna vituo vinavyofanana na hoteli ambako mzazi hulipia mwezi mzima. Kuna pia yuesao, wanawake wanaohamia nyumbani kwako kumtunza mzazi na mtoto, na katika miji hiyo mshahara wao wa mwezi huzidi yuan 10,000. Mwanasheria anakaa mwezi, mhandisi anakaa mwezi, na daktari wa uzazi aliyekuwa akiwazalisha wenzake juzi naye anakaa mwezi.

Hoja yao ni hii. Kujifungua kunamwaga damu, na kwa tiba ya Kichina damu ikitoka, joto la mwili limetoka nayo. Mzazi amebaki mtupu, viungo vimelegea, na upepo ukiingia sasa hautoki tena. Ndiyo sababu ya dirisha kufungwa, maji ya moto, soksi na kofia. Mwanamke wa miaka 60 anayelalamika magoti au kichwa, wenzake watamuuliza kama mwezi wake aliukaa vizuri. Basi huyu bibi akitazama dirisha lililo wazi anamwona binti yake miaka thelathini ijayo, amekuwa mtu wa kuumwa viungo, na yeye mamake hayupo tena duniani kumkanda.

Na chakula kile si tangawizi tu. Kuna kuku wa kupikwa kwa tangawizi na pombe ya mchele. Watu wa Guangdong wana chungu cha miguu ya nguruwe kinachochemka na siki nyeusi, tangawizi na mayai mazima, ambacho familia nyingi huanza kukitayarisha mtoto bado yumo tumboni. Kaskazini mzazi angepewa uji wa nafaka ndogo za njano, uliotiwa sukari nyekundu inayofanana na sukari guru yetu. Sasa fikiria umri wa mpishi. Kama yuko kwenye miaka ya sitini, alizaliwa karibu na njaa kuu ya 1959 hadi 1961, akakua wakati nafaka, mafuta na sukari vinanunuliwa kwa kuponi. Kuponi za nafaka hazikuondoka mpaka 1993. Yai la mzazi lilikuwa kitu cha kuwekewa akiba. Halafu ikaja sera ya mtoto mmoja, iliyotangazwa 1980 na kuachwa rasmi mwanzoni mwa 2016. Inawezekana sana huyu unayemtembelea ndiye mtoto wake pekee. Hana binti mwingine wa kumkalisha mwezi, na huenda hatapata mjukuu mwingine. Amevuka dunia kwa viza ya mgeni, ambayo kwa kawaida haizidi miezi 6, kwa ajili ya kazi hii moja aliyoisubiri tangu binti yake avunje ungo. Kisha siku ya nne mtu anaingia chumbani, anafungua dirisha.

Sasa mavyaa. Wengi wetu humwacha hapo: mzungu, hajui utu, basi. Mimi naona si haki. Naye ana historia yake, tena iko hapo hapo mjini kwenu.

Karne ya 18 mzazi wa Kiingereza naye alikaa mwezi. Mapazia ya kitanda yalibanwa kwa pini, moto ukawashwa, dirisha likafungwa, na hata tundu la ufunguo likazibwa upepo usipenye. Alinyweshwa uji wa moto uliotiwa pombe na viungo. Wanawake wenzake walikuja kumkalia na kupiga soga. Mwezi ukiisha alitoka, akaenda kanisani kwa ibada maalumu ya shukrani ya mwanamke aliyejifungua, ambayo imo katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza. Aliyeipiga vita desturi ile ya chumba kilichozibwa alikuwa daktari wa upasuaji wa Manchester, Charles White, mmoja wa waasisi wa hospitali ya mji huo mwaka 1752. Mwaka 1773 alichapisha kitabu kuhusu utunzaji wa wajawazito na wazazi. Alieleza jinsi wanawake walivyokuwa wakitokota kwa jasho katika hewa nzito, akataka dirisha lifunguliwe, mashuka yabadilishwe, mzazi akalishwe wima na aamke mapema. Homa ya uzazi ilikuwa ikiua wanawake Ulaya, na hakuna aliyejua bado kwamba vijidudu ndivyo vinavyoileta. White alichojua ni kwamba uchafu na hewa iliyovunda havimfai mzazi.

Mawazo yake yalichukua muda mrefu kushinda, lakini yaliposhinda yalizama. Katikati ya karne ya 20 mama mwema wa Kiingereza alikuwa yule anayetoa kigari cha mtoto bustanini hata kipupwe, ili mtoto alale kwenye hewa safi. Kitandani mzazi alidumu zaidi: mpaka miaka ya 1930 bado alilazwa siku 10 hadi 14. Kilichomwamsha ni upungufu wa vitanda wakati wa Vita Kuu ya Pili, pamoja na ushahidi uliozidi kukusanyika kwamba kulala muda mrefu kunagandisha damu kwenye mishipa ya miguu. Mavyaa huyu kalelewa na watu waliotoka kwenye mapambano hayo. Akikuta chumba kimefungwa, joto, mzazi kalala na nywele zina mafuta, anaona kitu ambacho bibi zake waliambiwa kinaua.

Unakumbuka Mei 2, 2015, mke wa Mwanamfalme William alipotoka hospitali London akiwa na gauni na viatu virefu, saa kama kumi tu baada ya kumzaa Charlotte? Waingereza walizungumzia gauni. Mitandaoni China mjadala ulikuwa mwingine kabisa: miguu iko wazi, upepo unavuma, hana kofia, familia yake iko wapi? Wengine walifika mpaka kusema miili ya Wazungu imeumbwa tofauti, jambo ambalo si kweli na lisikupotoshe. Mwili wa mzazi ni mmoja. Kinachotofautiana ni mikono uliyokabidhiwa.

Hapo ndipo penyewe, dada. Ugomvi wa nyumba ile ni kuhusu nani mwenye dhamana na mzazi. Kwa bibi wa Guangdong, mzazi ndani ya mwezi wake amekabidhiwa wazee. Kupumzika kwake ni pamoja na kupumzika kuamua. Huulizwi kama unataka supu. Supu inaletwa, unakunywa, na ukiinywa yote umemheshimu aliyeipika. Kwa mavyaa, mzazi ni mtu mzima na mwili ni wake. Kumpenda ni kumuuliza, na kumheshimu ni kutomwingilia. Ndiyo maana anapiga simu kabla ya kuja, anakaa saa moja, na anauliza, "Nikusaidie nini?" Bibi wa Guangdong akitafsiriwa swali hilo anashangaa, kwa sababu kwake mwenye nia ya kusaidia haulizi, anaingia jikoni. Mavyaa naye kuingia jikoni kwa mwanamke mwingine bila ruhusa ni utovu wa adabu mkubwa. Sasa pima mwenyewe: mwanamke wa namna hiyo, anayeomba ruhusa ya kila kitu, ndiye aliyekwenda kufungua dirisha la chumba cha mtu. Aliogopa kiasi cha kuvunja adabu yake mwenyewe. Mwambie mume hivyo, naye amwambie mamake kwamba hofu yake imeonekana.

Habari ya chai nayo imetoka kwenye chungu hichohicho. Mgeni mwenye adabu China hukataa kwanza, mwenyeji akasisitiza, akakataa tena kidogo, mwenyeji akamiminia. Mavyaa aliuliza kama atapenda chai, bibi akasema hapana, na mavyaa akaliheshimu lile neno kama Mwingereza aliyelelewa vizuri. Bibi akarudi nyumbani na kiu, na donge kooni. Sisi pwani hatuulizi. Chai inaletwa na kaimati juu. Mshauri mume amwambie mamake asiulize safari nyingine, aweke tu kikombe mezani. Tena maji ya moto matupu yanatosha, hayo bibi atayafurahia kuliko chai yenye maziwa.

Kuna vitu viwili vya mume ambavyo hukuvitaja lakini ningekuwa wewe ningevichungulia. Cha kwanza ni kushukuru. Mwingereza husema asante kwa kila sahani, tena kwa moyo. Katika familia nyingi za Kichina watu wa ndani hawashukuriani kwa maneno namna hiyo, na mama mkwe anayeshukuriwa mara ishirini kwa siku huanza kujiona mgeni katika nyumba ya mwanawe. Cha pili ni swali, "Mama anarudi lini?" Mume analiuliza ili apange likizo yake. Bibi analisikia kama kufukuzwa. Amwachie mkewe aulize.

Tuje kwenye kazi yako. Usijaribu kuamua nani ana utamaduni bora. Tenganisha yanayogusa usalama na yasiyougusa, kisha uwe mpole sana kwa haya ya pili na mgumu kwa yale ya kwanza. Supu, soksi, kofia, kukaa ndani, maji ya moto, mzazi kutoshika ndoo wala ufagio: hayo yaache, na mengine yasifie, kwa sababu mzazi anayelishwa na kulala ni neema ambayo wanawake wengi wa Kiingereza wanarudi kazini bila kuionja. Wewe wa Mombasa unayajua haya tangu utoto. Arobaini ni nini? Mzazi yuko kwa mamake, tumbo limefungwa kanga, anapewa uji wa pilipili manga na supu ya pweza maziwa yashuke, chumba kinafukizwa, na hatoki mpaka siku zitimie. Mweleze bibi hayo, kwa mkalimani, ukiwa umekaa naye jikoni. Nimeona nyuso zikifunguka kwa habari ya pilipili manga. Ukishakuwa mtu wa kwao kidogo, unaweza kuomba.

Omba kwanza juu ya kuoga. Katazo lile lina mantiki yake: nyumba za kusini mwa China hazikuwa na vipasha joto, kipupwe chake kina unyevu unaoingia mifupani, na nywele ndefu zikilowa zilikaa saa nyingi bila kukauka. Hilo Manchester halipo. Kuna maji ya moto bombani na mashine ya kukausha nywele. Usimwambie kwamba anaamini ushirikina. Muulize kwao mzazi akitaka kujisafisha hufanyaje, naye huenda akakueleza maji yaliyochemshwa na maganda ya tangawizi au majani ya jamii ya pakanga. Mkubalie. Bafu lipashwe joto, milango ifungwe, nywele zikaushwe papo hapo. Sisi tunamkanda mzazi kwa maji moto yenye majani, kwa hiyo sioni cha kushangaa. Ila kama ana mshono, hapo sema kama mkunga kwamba mshono lazima usafishwe kila siku, na uonyeshe namna ya kuusafisha.

Kisha yale usiyorudi nyuma. Mzazi atembee. Wiki sita za kwanza ni kipindi ambacho damu huganda miguuni kwa urahisi, zaidi kwa aliyepasuliwa, na kukaa kitandani kunazidisha hatari. Si lazima atoke nje; ukumbini, jikoni, ngazi mara kadhaa kwa siku, akiwa na soksi zake. Tena, joto likizidi asifunikwe. China kwenyewe vyombo vya habari vimewahi kuripoti wazazi walioletwa hospitali wamepigwa na joto kwa sababu ya mablanketi na madirisha yaliyofungwa kati ya kiangazi, na madaktari wa huko wanalikemea hadharani. Mwambie bibi kwamba madaktari wa China ndio wanaosema hivyo, atakusikia zaidi.

Mtoto alale chali, kwenye kitanda chake, katika chumba alimo mzazi, joto la chumba kati ya nyuzi 16 na 20, bila kofia wala blanketi nzito. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache iliyofuata. Bibi atataka kumvisha tabaka tatu na kulala naye kifuani. Hapo usicheke wala usilegeze. Mpe kazi ya kumgusa mtoto shingoni na kifuani, kwani viganja vya mtoto huwa baridi hata akiwa na joto la kutosha. Akishakuwa yeye ndiye mpimaji, hataona kwamba amepokonywa mjukuu.

Na hapa kwenye umanjano, yaani ngozi na macho ya mtoto kugeuka njano, naomba usimame kidogo, maana ndipo pazia lililofungwa linaponitisha kuliko popote. Watoto wa Asia ya Mashariki hupata umanjano mara nyingi na kwa kiwango cha juu kuliko wa Kizungu. Guangdong na mikoa jirani ya kusini ina watu wengi wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ule upungufu tulio nao watu wa pwani ya Afrika Mashariki kwa sababu ileile, kwamba humkinga mtu kiasi na malaria. Mtoto wa namna hiyo akikutana na kitu kinachovunja chembe hizo, umanjano hupanda haraka na unaweza kuumiza ubongo. Kitu kimojawapo ni vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyowekwa kabatini nguo zisiliwe na wadudu. Nguo za mtoto na mablanketi yaliyotunzwa kwa miaka na kuletwa ndani ya sanduku kwa upendo yanaweza kuwa yamelowea harufu hiyo. Nusa. Ukiinusa, vitolewe vyote mara moja, vifuliwe na kuanikwa hewani, wala mtoto asivishwe mpaka harufu iishe kabisa, na umweleze daktari. Uliza pia, bila ukali, kama mtoto amepewa dawa ya mitishamba ya kutoa "joto la tumboni." Kusini mwa China wapo wanaompa mchanga maji ya huanglian, mzizi mchungu wa njano, na madaktari wengi wa watoto wanauhofia kwa sababu ya umanjano. Halafu mtoto mtazame kwenye mwanga wa mchana. Katika chumba chenye giza hutaona kitu. Huhitaji dirisha liwe wazi, unahitaji pazia livutwe dakika tano, kioo kikiwa kimefungwa, na hilo sijaona bibi akilikataa. Ukiwa na shaka usitegemee macho, pima.

Jambo dogo ukiwa umemvua nguo: ukiona mabaka ya bluu kiunoni au matakoni, wewe unayajua, watoto wetu wanayo na wa Kichina wanayo. Mavyaa hayajui. Yaandike na kuyachora kwenye kitabu chekundu cha afya ya mtoto leo, mwonyeshe mavyaa, umwambie ni rangi ya kuzaliwa nayo. Kuna familia zilizoulizwa maswali mazito juu ya kumpiga mtoto kwa sababu hakuna aliyeandika mapema.

Sasa mzazi na kimya chake. Mume anadhani mkewe anakandamizwa. Bibi anadhani binti anakubali. Ninyi wakunga mmefundishwa kumuuliza mwanamke anataka nini, na ni mafunzo mazuri, lakini ukimuuliza mbele ya mamake umemweka mahali pabaya: akisema anataka dirisha lifunguliwe, amemwaibisha mamake mbele ya wageni, akisema halitaki, amemwangusha mumewe. Kwa hiyo anatazama sakafu. Mtafutie nafasi ya peke yake. Mkunga ana sababu nyingi halali za kumwomba kila mtu atoke: kukagua mshono, kutazama matiti. Kama lugha inasumbua, ita mkalimani wa kazini, hata kwa simu. Asiwe mume, asiwe bibi.

Hapo muulize kwa upande wa mapenzi yake: ni lipi katika mwezi huu linalokupa raha, na ni lipi linalokuchosha? Wengi nilioongea nao hawataki lolote kati ya yale mawili wanayogombania bibi. Wanaitaka supu na hawataki kuamriwa. Wanataka kuoga na wanataka mama abaki. Tafiti kuhusu desturi hii na huzuni ya baada ya kujifungua hazikubaliani, nyingine zinaona inakinga, nyingine haikingi kitu. Kwa ninavyoona mimi, lililo kubwa ni kama mzazi anaelewana na yule anayemtunza. Mpe yale maswali 10 ya kipimo cha Edinburgh cha kupima huzuni hiyo, yapo kwa Kichina, ajaze mwenyewe kwa mkono wake. Akionyesha huzuni au mawazo ya kujidhuru, habari ya utamaduni imekwisha hapo, fuata njia yenu ya dharura.

Akikuambia anachotaka, wewe ndiye ukibebe mpaka sebuleni kama agizo la mkunga. Usiseme "binti yako anataka." Sema "kazi yangu inanilazimu." Bibi anaweza kumtii mtaalamu bila kuona kwamba mwanawe amemgeuka, na mzazi anabaki na heshima kwa pande zote. Wapo wenzangu wanaoona hii ni kumficha mwanamke nyuma ya mkunga. Mimi sioni hivyo kwa mwezi huu mmoja, ikiwa agizo ni la kwake mwenyewe na ameridhia ulibebe.

Mume usimpe uamuzi anaoutaka kwako. Mpe kazi. Avute pazia asubuhi, amtembeze mkewe ukumbini, amwulize mama mkwe amfundishe kile chungu cha siki.

Mavyaa naye apewe tarehe. Mwezi ukitimia kuna sherehe ya mtoto, familia hugawa mayai yaliyopakwa rangi nyekundu, na bibi wa baba ana nafasi ya heshima hapo. Aambiwe mapema, maana akisikia siku yenyewe ataamini alitengwa. Zawadi ya fedha iwe katika bahasha nyekundu, si nyeupe, kwani nyeupe ni ya msiba, na kiasi kisiwe na nne, ambayo kwa Kichina hutamkwa karibu sawa na neno la kifo. Na wewe bila shaka utaalikwa, na bibi atakusukumia bahasha mfukoni. Kanuni za ukunga Uingereza hazikuruhusu kupokea fedha ya mteja. Irudishe kwa mikono miwili, atasukuma tena, irudishe tena, ndivyo inavyokwenda. Mayai chukua.